Kumbakiza Crochet Julai 2024 haikuwa kosa

Kaka, umeuliza kwa nini Chicago White Sox, timu ya besiboli ya Marekani, hawakumuuza mrushaji wao Garrett Crochet kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa Julai 30, 2024, ilhali timu ilikuwa katikati ya kufungwa mechi 21 mfululizo. Kwangu mimi, pale walifanya sawa kabisa.

Angalia walichouza siku moja kabla, Julai 29. Mrushaji Erick Fedde akaenda St. Louis, mrushaji mwenzake Michael Kopech akaenda Los Angeles Dodgers, na mchezaji mkuu waliyempata ni Miguel Vargas, ambaye msimu huo akiwa Chicago wastani wake wa kupiga ulikuwa .104, yaani takriban pigo moja la mafanikio katika kila majaribio kumi. Tommy Edman, aliyetua Dodgers kwenye mpango huohuo, Oktoba akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya National. Iliniuma sana.

Crochet alikuwa na hali yake. Ndiyo kwanza alikuwa kwenye msimu wake wa kwanza kama mrushaji anayeanza mechi, timu zikahofia mkono wake kuchoka, na mwenyewe alitaka mkataba mpya kabla ya kurusha Oktoba, kwenye mechi za mtoano. Bei ingeshuka tu. Wakasubiri hadi Desemba, Boston Red Sox wakamchukua Crochet kwa kutoa vijana wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Mdakaji kijana kama Teel hapatikani kirahisi, nakwambia!

Mwaka 2024 White Sox walipoteza mechi 121, 2025 wakapoteza 102. Bado ni nyingi, lakini Teel na Meidroth tayari wanacheza ligi kuu, na mimi nawatazama hao kila usiku.