Mhina wa bibi ulikuwa nje

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mbele ya nyumba yako ungepanda ua la asili au la kigeni?" La gani halinisumbui. Kinachonisumbua ni wapi.

Mimi ningepanda mhina, mti unaotoa hina. Huota wenyewe kandokando ya mito ya msimu kaskazini mwa Kenya, ilhali bugenvilia iliyojaa kwenye mageti yetu hapa Malindi asili yake ni Amerika Kusini. Mhina hauogopi kiangazi, unachochukia ni maji yaliyotuama. Nami nilikwishaamua: upandwe uani, ndani ya ukuta, mkono wa mpita njia usiufikie.

Sababu ni mhina wa bibi yangu. Ulikuwa ubavuni mwa baraza, umepita kimo cha mtu. Mwaka ule ulisheheni vishada vya maua madogo ya rangi ya maziwa, na magharibi ikiingia harufu ilitufuata hadi chumbani. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi wakaja wanawake watatu na masinia, kuna harusi mtaa wa pili. "Hodi, Bi Mkubwa, twaomba majani." Bibi akasema chumeni. Wakachuma, kisha wakakata matawi mazima wayapurure wakiwa wamekaa. Maua yakapukutika mchangani, nikawa nayaokota kwa upindo wa kanga. Adhuhuri zilibaki fito tupu. Nililia. Bibi hakunibembeleza. Alichukua jembe akalainisha udongo shinani, akamwagia maji aliyooshea mchele. Jioni tukaletewa bakuli la hina iliyotwangwa, akanipaka viganja, akanifunga vitambaa, nikalala hivyo. Kulipokucha wekundu ulikuwa umekolea.

Masika yaliposhuka mhina ulichipua. Maua sikuyaona tena mwaka ule.

Naanza barua hii nilitaka kusema wale wanawake walikosa adabu. Lakini bibi alikuwa na ua mpana, tena wenye kisima. Angetaka kuuficha mhina wake, angeuficha. Na leo maharusi wanapakwa piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, iliyochanganywa na rangi ya nywele, wengine wanatoka malengelenge, kwa kuwa mtaani hakuna pa kubisha hodi.

Basi nje. Ila usiuweke ukingoni kabisa mwa njia, matawi yakikomaa hutoa miiba. Mwenye nafasi apande miwili, wa uani asiuguse mpaka uchanue. Mimi nina nafasi ya mmoja tu. Kijiti alichonipa jirani kimetoa majani manne, kiko karibu na geti, nimekizungushia makuti mbuzi wasikifikie.