Chapa za biashara ambazo hazipo

Mdogo wangu, umeuliza kama mteja atakudharau akikuta kazi zako zote za usanifu wa nembo na vifungashio ni za biashara za kufikirika. Hapana, ila achana na migahawa ya baga isiyo na anwani. Hapo Dodoma una zabibu, ubuyu, karanga za Kongwa.

Chukua zabibu kavu: buni pakiti ya gramu 250 yenye kidirisha, maana mnunuzi wa Soko la Majengo anataka kuziona kabla hajatoa hela. Kisha hangaika na mgongo wa pakiti: viambato, uzito halisi, tarehe ya kuisha muda, nafasi ya mistari ya kuskani (namba zake za Tanzania huanza na 620). Wengi huishia kwenye nembo, nyuma wakajaza maneno yasiyosomeka.

Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usiibandike, bidhaa haijapimwa. Na andika wazi kuwa ni zoezi.