Timu iko mkiani, utoe kijana umchukue mkongwe? Nilichokiona hapa Ottawa

Mkuu umeuliza kama timu inayoburuza mkia NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) inafaa itoe kijana wake wa miaka 19 pamoja na chaguo la raundi ya kwanza ili imchukue beki mkongwe wa miaka 33 wa kuwatuliza vijana. Jibu langu ni hapana, na naomba nilieleze kwa urefu maana hili swala nimeishi nalo. Niko Ottawa, na timu ya hapa imekaa pande zote mbili za hii biashara, imewahi kuuza na imewahi kununua, na ukiyapanga matokeo yake kwa miaka unaona kabisa nani alikula na nani aliliwa.

Kwa wadau waliozoea mpira wa miguu niweke hili kwanza. Huku hakuna mambo ya Simba au Yanga kwenda na hela kwa klabu nyingine wakarudi na straika. Timu zina kikomo cha mishahara, na mchezaji mwenye mkataba anahama kwa tredi, unatoa mtu unapewa mtu, au unatoa chaguo lako la drafti. Drafti ndo ile siku timu zinachagua vijana wa miaka 18 hivi, na waliofanya vibaya msimu uliopita wanachagua mapema, kuna bahati nasibu kidogo pale juu lakini kwa ujumla ndo hivyo. Sasa angalia mtego ulipo. Ukitoa chaguo lako la mwakani hujui umetoa nini. Ukishinda mechi umetoa chaguo la 25, kijana ambaye labda atacheza labda hatacheza. Ukifungwa umetoa la tatu au la nne, yaani umempa mwenzako nyota. Biashara nyingine ukishakubaliana bei imeisha, hii bei inaendelea kupanda kila unapofungwa, na timu iliyo mkiani kazi yake kubwa ni kufungwa. Hiki ndo kitu ambacho watu hawakipi uzito kabisa wanapomwangalia mkongwe na CV yake.

Mwaka 2017 nilikuwa ndo naanza kuipenda hii michezo ya barafu kwa moyo wote. Senators, ndo timu ya hapa Ottawa, walifika nusu fainali, mechi ya saba na Pittsburgh, muda wa nyongeza wa pili, Chris Kunitz akafunga na safari ikaishia pale. Hili jiji liliumia lakini pia lilijazwa imani, kila mtu kazini kwetu anasema tumepungukiwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo Ottawa wakamchukua Matt Duchene kutoka Colorado, tredi ya timu tatu, jamaa alitolewa uwanjani katikati ya mechi pale Brooklyn maana dili lilikuwa limekamilika. Ottawa wakamtoa Kyle Turris aliyeenda Nashville, wakatoa kijana Shane Bowers, wakatoa na chaguo la raundi ya kwanza. Duchene hakuwa mzee, alikuwa na miaka 26, lakini alikuwa mtu aliyekomaa, misimu mingi mgongoni, na ndo alitazamiwa awe kipande kilichokosekana.

Kilichofuata ni kwamba ile timu haikuwa karibu na kombe hata kidogo, ule msimu mmoja mzuri uliwadanganya. Wakamaliza wa pili kutoka mkiani. Bahati yao chaguo lilikuwa na kinga, likiangukia kumi bora wanaweza kulishikilia na kutoa la mwaka unaofuata, wakalishikilia na wakamchukua Brady Tkachuk namba 4, ambaye leo ndo kapteni. Lakini la 2019 halikuwa na kinga yoyote. Msimu huo Ottawa wakawa wa mwisho ligi nzima, na sisi tulikuwa tunaangalia mechi tukijua kila tukifungwa tunawanufaisha Colorado. Aisee hiyo hali ni mbaya sana kwa shabiki, timu ikiwa mbovu angalau unajifariji na drafti, sasa hata faraja imeshauzwa. Colorado wakachagua namba 4 wakamchukua beki Bowen Byram, na mwaka 2022 akanyanyua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, akiwa nao.

Na Duchene mwenyewe hakukosea kitu. Msimu ule wa mwisho alifunga magoli 27 katika mechi 50 akiwa na Ottawa, hiyo ni kazi ya mtu. Hapo ndo nataka watu waelewe, mkongwe anaweza kuja na akacheza vizuri kabisa na bado ukawa umepoteza, kwa sababu mtu mmoja habebi timu ambayo beki zake hazijakaa sawa na kipa wake anatetereka. Mkataba ulivyokaribia kuisha wakamtuma Columbus, na chaguo walilopata lilikuwa namba 19. Umetoa la nne umepata la kumi na tisa, na katikati hapo mtoano umeuona kwenye TV.

Kuna mzee mmoja kazini, mwenyeji wa hapa, anafuatilia hii timu tangu miaka ya tisini, siku hiyo ya Byram kuchaguliwa yeye hakushangaa hata kidogo. Akanikumbusha ya 2001, wakati Ottawa ndo walikuwa wauzaji. New York Islanders walikuwa wamemaliza wa mwisho ligi nzima, wakachoka, wakataka nyota sasa hivi, wakamchukua Alexei Yashin. Walichotoa ni Bill Muckalt, halafu beki mmoja mrefu ambaye alikuwa bado hajaiva, na chaguo namba 2. Beki mwenyewe ni Zdeno Chara, chaguo likawa Jason Spezza. Yashin akapewa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 87.5. Nisiwe mwongo, Islanders walirudi kwenye mtoano mwaka uliofuata baada ya kukosa tangu 1994, kwa hiyo mtu anaweza kusema ililipa. Lakini na Yashin hawakuwahi kushinda hata raundi moja, mwaka 2007 wakavunja mkataba wake na kuendelea kumlipa miaka mingi akiwa hayupo, na Spezza alicheza Ottawa zaidi ya muongo mmoja, na Chara akawa beki bora wa ligi 2009 na mwaka 2011 akabeba kombe kama kapteni wa Boston. (Ottawa nao Chara walimwachia aondoke bure 2006, hiyo ni stori ya maumivu nyingine.)

Sasa rudi 2018, timu imeshaharibika, Ottawa wakafanya kinyume. Wakamuuza Erik Karlsson, kipenzi cha jiji zima, watu walilia kweli, akaenda San Jose ambao walikuwa wanaamini kombe ni lao. San Jose walitoa watu kadhaa na machaguo. Mwaka wa kwanza walikwenda nalo vizuri mpaka nusu fainali, mwaka wa pili wakaporomoka, na chaguo lao likaangukia namba 3 mwaka 2020. Ottawa wakamchukua Tim Stützle. Ukitaka kujua kwa nini Senators wanacheza vizuri leo anza na Stützle, Tkachuk, na Jake Sanderson waliyemchukua namba 5 siku ileile. Wote watatu ni matunda ya kukaa chini na kuvumilia. Na San Jose hawakuwa timu ya mkiani walipofanya ile tredi, walikuwa timu nzuri, bado iliwageukia, sasa wewe ambaye tayari uko mkiani unajiaminije?

Najua kuna mdau atakuja na St. Louis Blues, hawa hutajwa kila mara, na ni hoja nzuri naiheshimu. Julai 2018 Blues walimchukua Ryan O'Reilly kutoka Buffalo, wakatoa kijana Tage Thompson pamoja na chaguo la kwanza na vitu vingine. Mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa wa mwisho ligi nzima, mwezi wa sita wakabeba Kombe la Stanley na O'Reilly akawa mchezaji bora wa mtoano. Thompson baadaye alifunga magoli 47 kwa msimu mmoja huko Buffalo lakini nenda St. Louis umuulize shabiki yeyote kama anajuta. Sawa kabisa. Ila tazama ile dili ilivyokaa. O'Reilly alikuwa na miaka 27 siyo 33, mkataba wake ulikuwa mpaka 2023, chaguo lilikuwa na kinga ya kumi bora, na msimu wa nyuma yake Blues waliukosa mtoano kwa pointi moja tu. Ile haikuwa timu mbovu, ilikuwa timu nzuri yenye tatizo la kipa, na alivyopewa nafasi Jordan Binnington mwezi wa kwanza mambo yakanyooka. Chaguo walilotoa likaishia namba 31, la mwisho kwenye raundi. Kwa hiyo Blues ni mfano wa timu iliyokuwa na kikosi tayari, usiitumie kujitetea kama kikosi huna.

Turudi kwa huyo beki wako wa miaka 33. Hapo mimi wasiwasi wangu mkubwa ni mkataba kuliko umri wenyewe. Vancouver Julai 2021 walitoa chaguo namba 9 na kuchukua watu wawili kutoka Arizona, Conor Garland na beki Oliver Ekman-Larsson aliyekuwa anatimiza miaka 30 na mkataba wake una miaka sita mbele. Garland kawasaidia, sikatai. Lakini Ekman-Larsson baada ya misimu miwili tu wakavunja mkataba, na ile hela inawakaa kwenye kikomo cha mishahara mpaka 2031. Lile chaguo likawa Dylan Guenther ambaye sasa anapiga magoli Utah. Na kinachouma zaidi ni kwamba Ekman-Larsson alipoachiwa akaenda Florida na 2024 akabeba kombe, maana pale aliingia kwenye timu iliyokamilika, anapewa kazi anayoiweza. Timu iliyo mkiani inamchukua mtu kama huyo inamtwisha dakika nyingi dhidi ya mastraika wakali wa wapinzani, halafu inamlaumu.

Hoja ya kuwatuliza vijana naielewa, na ni ya kweli. Mwanangu anacheza hoki ya watoto hapa mtaani, nakaa pale pembeni ya barafu asubuhi ya baridi na wazazi wenzangu na nimeona watoto wakiwa wenyewe tu wanavyopaniki wakifungwa goli la kwanza. Vijana wanahitaji mtu mzima chumbani. Lakini mtu mzima unaweza kumpata bila kutoa kijana! Kila tarehe 1 Julai kuna wachezaji wanamaliza mikataba, wako huru. Ottawa mwaka 2022 walimpata Claude Giroux hivyo, ana miaka 34, mwenyeji wa mkoa huuhuu, hakuna kijana aliyetoka wala chaguo, ni mshahara tu. Stützle alicheza pembeni yake na kila mtu aliona alivyokua. Kiangazi hichohicho wakatoa chaguo namba 7 na mengine kumchukua Alex DeBrincat, mfungaji mzuri tu, mtoano wakaukosa, mwaka uliofuata hakutaka mkataba mrefu akaenda Detroit. Linganisha hao wawili wa kiangazi kimoja, mmoja hakugharimu mtu na alikaa, mwingine aligharimu sana na akapita.

Wakati wa kununua upo, nisieleweke vibaya. Mwezi wa sita 2024 Ottawa walimchukua kipa Linus Ullmark kutoka Boston, miaka 30, mshindi wa tuzo ya kipa bora 2023, wakatoa kipa wao, mshambuliaji mmoja na chaguo namba 25. Wakati huo Tkachuk, Stützle na Sanderson wameshaiva, kilichokosekana kinajulikana kwa jina, na chaguo lenyewe namba yake ilishajulikana, hakuna tena kubahatisha. Msimu uliofuata wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017. Walitolewa na Toronto mechi ya sita na iliniuma, lakini mtaa mzima ulikuwa umevaa nyekundu, na mwanangu alikuwa hajawahi kuona timu yake ikicheza mwezi wa nne.

Kwa hiyo mkuu kwa hali uliyoieleza, kijana wa miaka 19 usimguse. Kama uongozi umeng'ang'ania beki basi watoe chaguo la raundi ya pili au ya tatu, au chaguo la timu nyingine walilonalo, na timu inayomuuza ibebe sehemu ya mshahara wake, sheria inaruhusu mpaka nusu. La raundi ya kwanza likitoka litoke na kinga, na kinga iwe ya miaka yote, siyo kama ile ya Ottawa iliyolinda mwaka mmoja ikaacha wa pili wazi. Hujasema mkataba wa huyo beki umebaki miaka mingapi na kama ana kipengele cha kukataa kuhamishwa, weka hapa tuuangalie, maana kama umebaki mwaka mmoja ni mjadala tofauti kabisa na kama imebaki minne.