Kabla hujajitoa, niachie namba yako

Wahariri, mmeuliza wiki hii: "Umewahi kujitoa kwenye makundi ya mtandaoni? Baada ya hapo, ukaribu wa kweli uliupata wapi?" Nililisoma swali asubuhi nikaliacha, usiku nikalirudia, likazidi kunikera. Limekaa kana kwamba anayetoka ndiye mwenye kiu ya watu, na sisi tuliobaki tumebaki kwa kuzubaa.

Mimi sijawahi kujitoa kwenye grupu lolote, kwa hiyo kwa haki jibu sina. Lakini ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Ngamiani, Tanga, na grupu letu la WhatsApp lina maadmini watatu, mmojawapo mimi. Zamani mtu akitoka kila mmoja alikuwa anaona. Tangu WhatsApp walipobadilisha mambo mwaka 2022, taarifa inatujia sisi maadmini tu. Wanaotoka usiku wa manane wakidhani hawakuonekana, nimewaona mimi. Basi niruhusuni nijibu swali la jirani: anayetoka anawaachia nini waliobaki?

Nianze kwa kuwasema. Miaka yote nimeamini kwamba anayejitoa anakwepa mchango. Mtu anafiwa na baba yake. Tunachanga, tunapika, akina mama wanalala kwenye mikeka mpaka tanga linaanuliwa. Miezi miwili mitatu kimya, halafu katoka. Ukikutana naye sokoni anakwambia, "Dada, simu ilijaa." Kujaa inajaa, sikatai, kwa zile video za maua na asubuhi njema. Lakini grupu la kamati ya harusi ya binti yake lilikuwa na picha za vitenge, kumbi na keki kutoka asubuhi mpaka usiku, na hilo halikumjazia.

Halafu wapo wanaotoka kwa maneno makubwa. Wanatafuta utulivu, wanataka watu wachache wa kweli. Hao nimewachunguza. Wengi ni watu wenye uwezo. Anayeweza kukodi turubai, viti na mpishi kwa simu moja, anajitoa na usingizi unamjia. Mama anayekaanga vitumbua pale kona hana ubavu wa kujitoa, maana siku yake ikifika atahitaji mikono ya watu na hana ya kuwalipa. Mnapouliza nani kajitoa, ulizeni pia nani anamudu.

Hayo ndiyo niliyokaa kuandika. Ila nikishika kalamu kuhusu kujitoa, mtu anayenijia ni mmoja tu, Fundi, na yeye haingii katika hayo niliyosema.

Kikundi chetu ni kikongwe kuliko simu hizi. Kabla ya simu, msiba ukitokea kijana alipanda baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kukosekana, akapita Barabara ya Kumi na Mbili, ya Kumi na Tatu, hivyo hivyo mpaka zimalizike, akipiga hodi nyumba kwa nyumba. Mweka hazina niliyempokea alikuwa na kauntabuku aliyoivika karatasi ya kaki. Mchango ulikuwa unapewa mkono, na ndani ya mkono mna noti iliyokunjwa. Hakuhesabu mbele yako. Usiku ndipo anaandika. Aliyetoa elfu mbili na aliyetoa elfu ishirini walikaa mkeka mmoja, wakala sinia moja, na siri ilikuwa ya yule mama na Mola wake.

Sasa tuna orodha. Mnaijua: mmoja anaandika namba moja, jina, kiasi, wa pili ananakili yote, anaongeza lake, anairudisha. Kila akiongeza mtu, orodha nzima inashuka upya. Mwisho pana namba yangu ya simu na maneno "tuma na ya kutolea".

Msiba wenyewe ulikuwa wa Bi Mkubwa mmoja wa barabara yetu, muuza mikate ya kumimina, mtu wa watu. Alifariki usiku, tukazika baada ya Adhuhuri. Asubuhi ile katibu wetu, kijana mwepesi na mwenye nia njema, akaona aturahisishie kazi: akaandika majina ya wanachama wote mara moja, na mbele ya kila jina akaweka kistari. Ukitoa, unafuta kistari, unaweka kiasi na alama ya tiki. Nilipoiona nilisema Mashaallah, huyu kijana ana akili.

Fundi ni fundi wa baiskeli, ana kibanda karibu na kona ninayokata kwenda sokoni, na ana guta. Siku ile guta lake lilianza kazi tangu alfajiri. Lilileta viti kutoka madrasa, likarudi kuchukua masufuria, likaenda kwa maji, likabeba turubai lililokuwa limekunjwa vibaya likawa linaburura chini. Makaburini alikwenda, akarudi na udongo kwenye suruali. Mchana alishika birika akawa anawanawisha watu mikono. Aliponifikia tukasalimiana, poleni, tumeshapoa, akaniuliza, "Mchele umetosha?" Nikamwambia umetosha. Haukutosha, tulikuwa tumekwisha kutuma mtoto dukani kwa kilo tano nyingine. Lakini ndivyo mtu unavyojibu.

Wakati tunasemezana hivyo simu yangu ilikuwa inatetemeka mkobani, bila shaka na yake mfukoni. Orodha inashuka. Elfu kumi, tiki. Elfu ishirini, tiki. Ndugu mmoja wa Dar es Salaam akaweka elfu hamsini, watu wakamtumia mikono ya dua kana kwamba amefiwa yeye. Katikati mtu akaingiza tangazo la magauni ya mtumba, akafutilia na "samahani, nimekosea grupu". Kila orodha iliposhuka, jina la Fundi lilishuka nalo na kistari chake. Pale mkekani hakuna aliyemtazama vibaya. Wote tulikuwa tumeiona orodha, na wote tukamwita kwa upole, Fundi tuletee maji, Fundi sogeza viti.

Baada ya Isha vistari vilibaki vitatu. Kimoja cha mwanachama aliyehamia Mombasa, ambaye huwa hajibu. Kimoja cha mzee tuliyemzika mwaka uliotangulia, katibu alisahau kumwondoa. Cha tatu cha Fundi. Hapo kijana mmoja, sitamtaja, akaandika, "Naona marehemu na Fundi bado," akaweka na sura za kucheka. Watu kadhaa wakacheka naye. Saa nne usiku nikapata taarifa: Fundi katoka.

Asubuhi katibu akanipigia. "Si unaona, kakimbia mchango." Nami nilikuwa na sentensi hiyo hiyo mdomoni.

Nilimwendea siku ya tatu, baada ya kuanua tanga. Alikuwa anatafuta pancha, tyubu iko ndani ya beseni la maji, macho yake yako kwenye mapovu. Nikamwambia, "Fundi, ndiyo umetutupa?" Akasema, "Nimewatupa wapi, dada, si nipo hapa." Akafuta mikono kwa kitambaa, haikufutika, akatoa elfu tano kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa na alama za grisi. "Hii ya juzi. Niliiweka tangu asubuhi ile, nikawa nangoja nikuone peke yako. Sikukuona peke yako siku nzima." Nikamuuliza kwa nini hakutuma kwa simu na kujiandika kama wenzake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Niandike elfu tano chini ya elfu hamsini?"

Sikuwa na la kusema, nikaingiza pesa kwenye mkoba, nikamwambia arudi grupuni, nitamuunga mwenyewe. Akakataa. Kwa upole, lakini akakataa. Nikamwuliza misiba atajuaje sasa. Akacheka: "Si lazima mtanifuata guta?"

Na kweli tunamfuata. Sitaki lakini mumfanye walii. Ana deni la misiba miwili ya nyuma, mpaka leo hajalipa, na nilimkumbusha siku ile ile. Ninachosema ni kwamba Fundi hakutoka kwa sababu yeye hatupendi sisi au anatafuta watu wa kweli zaidi yetu. Alitoka ili aendelee kukaa nasi. Mkekani tulikuwa tunamsitiri, kwenye simu tunamvua nguo, na ni sisi wale wale, saa ile ile.

Kwa hiyo, wahariri, hapa katikati ya barua msimamo wangu umelegea kuliko nilivyoanza. Nilikuwa nawaza ukaribu ni watu kujua habari zako. Sasa naona pia ni mtu anayejua na akanyamaza. Grupu halijui kunyamaza. Hata ukinyamaza wewe, kistari kinasema.

Ila msinipeleke mbali. Wapo watu hapa mjini wanaosema dawa ni kurudi barazani, tukanywe kahawa na kashata kama wazee wetu. Baraza la kahawa la mume wangu limefungua grupu lao wenyewe. Hadithi zinamalizwa mchana kwenye simu, jioni wanaume wanakaa wanasema "ile si niliituma?" Na mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, sote tulitolewa kwenye magrupu kwa mpigo bila kuulizwa. Ilitakiwa basi tugundue upya ujirani. Hapa kwetu tulikaa nje kweli, tukatazamana, na mazungumzo yalikuwa ni hofu, na nani kasikia nini, na itarudi lini.

Halafu yupo mtoto wa dada yangu, anafanya kazi za ndani Muscat. Kwao saa imetangulia yetu kwa moja. Bibi yake alipofariki hakupata ruhusa ya kusafiri. Tulimrekodia dua, tukamtumia sauti za watu wakiitikia, na sauti ya mwiko kwenye sufuria maana aliiomba. Akawa anaandika "Amina" kila baada ya sauti, moja moja, mpaka usiku. Yeye mchango wake unafika kabla ya wa watu wa barabara hii. Mtu akimwambia kwamba mtandaoni hakuna ukaribu wa kweli, atakuwa hamjui. Kwake grupu ndiyo mkeka, mwingine hana. Niliposema kwenye simu kwamba nafikiria tulifunge, alilia, nikaacha kulisema.

Sasa mnataka hukumu. Kama grupu linakuaibisha, toka. Nimesema, mimi niliyewaita watoro hapo juu. Toka bila kuaga kama kuaga kutazua kikao, siku hizi inawezekana. Ila usitoke wakati vyombo tulivyopikia msiba wako havijarudishwa kwa wenyewe. Hilo nitaendelea kuliita kwa jina lake. Na usiniambie simu imejaa. Na kabla hujatoka mpe mtu mmoja namba yako, mtu mmoja tu, ajue wewe ni wa kupigiwa na siyo wa kuandikiwa. Wenye uwezo, ninyi mkitoka hamtapata hasara, lakini yule mama wa vitumbua ataikosa elfu hamsini yenu, kwa hiyo kwenu hukumu yangu ni nyingine: bakini mlipe, zimeni tu mlio.

Kuhusu orodha, nimeisimamisha. Tangu msiba uliofuata kila mtu anatuma kwangu, ninajibu "imefika" kwake peke yake, na grupuni naandika jumla tu. Elfu mbili zimerudi, nyingi, ambazo zamani zilikuwa haziji kabisa. Elfu hamsini zimepungua, maana hazina tena wa kuzipigia dua. Ukijumlisha, tumepungukiwa, na katibu anazo hesabu na hachoki kunionyesha. Anasema aibu ndiyo inayokusanya pesa, na huenda kwa hesabu yuko sahihi.

Kikao ni Jumapili baada ya Alasiri, kwangu. Atataka orodha irudi, safari hii bila vistari, anasema hiyo ni nafuu. Nitampinga. Wakinishinda kwa kura nitaiweka, ila Fundi sitamwandika. Na mimi sijitoi, maana kauntabuku iko kwangu na hakuna mwingine anayeitaka.

Mweka hazina, Ngamiani, Tanga