Re: Kikao cha vikoba wanaongea wawili tu

Habari mkuu, umesema kikao chenu cha vikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa) hapo Tukuyu wanaongea mwenyekiti na mzee mmoja tu, wengine kimya, wakitoka nje ndo wanaanza kulalamika. Cheki kwanza mnavyokaa, kama mabenchi yamepangwa kama darasani na meza kuu mbele, hapo hakuna mama atakayeinuka. Sisi huku Uyole tulipanga viti duara, ishu ya riba tukawaachia wajadiliane wawili wawili dakika 5 kabla ya kusema mbele ya wote, wee, kelele zake! Mwenyekiti aongee wa mwisho, akishatoa msimamo wake nani ampinge? Na ajenda zisizidi 3, msimu wa viazi watu akili ziko shambani. Mkutano mkuu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) sijawahi kuendesha, huko waje wenye uzoefu.