Mama ana uvimbe wa maji kwenye kongosho

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mama amekutwa na uvimbe wa maji kwenye kongosho. Maji yalivutwa kwa sindano, sampuli ikapelekwa India. Majibu: jeni za KRAS na GNAS zimebadilika. Ndiyo saratani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, majibu hayo peke yake hayathibitishi saratani. Yanatuambia aina: uvimbe wa ute, ulioota kwenye mirija ya kongosho. Aina hii inaweza kugeuka saratani, ingawa mingi haigeuki. Kwenye karatasi hiyo mimi ningetafuta kwanza jeni nyingine: TP53, SMAD4 na CDKN2A. Hizo kwa kawaida huharibika baadaye, seli zikiwa zimekaribia saratani au zimeshafika. Zisipoonekana kuharibika ni nafuu, lakini bado tunaangalia picha: je, mrija mkuu umetanuka kufikia milimita 10? Kuna kinundu ndani ya uvimbe? Macho yakiwa ya manjano, mpeleke hospitali ya Bugando leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Kisukari kilichoanza ghafla nacho mwambie daktari wake.

Bila dalili hizo, atafuatiliwa kwa kipimo cha picha cha MRI. Asiache kliniki kwa kuwa haumwi, maana uvimbe huu hukua kimya. Na zile dawa za kuyeyusha uvimbe zinazouzwa stendi, nakusihi, msimpe.