Yaliyonikuta nikipamba kompyuta ya dukani

Nina kasteshenari kangu hapa Moshi, si mbali na stendi. Natoa kopi, naprinti, nachapa CV na barua, napiga picha za pasipoti, laminesheni, yale mambo yote mnayoyajua. Mashine ya kazi ni moja tu, desktopu ya mtumba yenye RAM giga 4 na Windows 10, na ndo hiyo niliyoiua kwa mikono yangu mwenyewe kisa kupenda mapambo.

Ilikuwa hivi. Nilichoshwa na zile folda za njano. Unafungua unakuta folda arobaini zote njano, zote sura moja, mteja kasimama hapo anasubiri na wewe unasoma jina mojamoja kama unaita mahudhurio. Sasa usiku mmoja nina bando la usiku linaisha bure, nikaingia mtandaoni nikakutana na pakiti ya ikoni (vile vijipicha vya folda na programu) inayobadilisha kila kitu kwa mpigo, mpaka kitufe cha Start. Nikaona hapa ndo penyewe. Na kweli ilipendeza aisee, wolipepa nikaweka Kibo ya asubuhi theluji inang'aa, folda zote zikawa za bluu kama kioo. Kesho yake akaja mama mmoja wa Kiborloni, siku mbili nyuma alikuwa ameacha barua ichapwe. Akaangalia kioo, akaniangalia navyohangaika, akasema, "Mwanangu, mapambo nimeyaona. Sasa barua yangu iko wapi?"

Nilicheka ila iliniingia, maana kweli folda zilikuwa zimetoka njano zikawa bluu, na bado zote sura moja!

Wiki haijaisha Windows ikafanya updeti, ikajizima ijiwashe, na haikuwaka tena. Inatoa nembo, inazima, inatoa nembo, inazima. Na ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya chuo, vijana wamepanga foleni mpaka mlangoni na fomu zao. Fundi akaja, elfu 15 ya kupiga windows upya, siku nzima duka limelala, na vile vielelezo vyangu vya CV vilivyokuwa deskitopu vikaondoka hivyo. Fundi ndo akanifungua macho: ikoni nyingi za Windows zinakaa ndani ya faili za mfumo, mojawapo inaitwa imageres.dll, na pakiti za aina ile zinaitoa ya asili zinaweka ya kwao. Sasa updeti ikija na mambo yake hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Kwa hiyo neno langu la kwanza, ukiona pakiti inaomba ruhusa ya adimini ili ibadilishe faili za Windows, ifunge. Huna haja nayo. Kazi unaweza kuifanya kwa vitu vilivyomo humohumo. Unaraiti kliki folda, unaenda "Properties", halafu "Customize", chini kabisa kuna "Change Icon", unachagua, OK, basi. Shotikati nazo ni hivyohivyo ila kitufe chake kiko kwenye ukurasa wa "Shortcut". Faili mojamoja la Word au PDF huwezi, hilo linavaa ikoni ya programu inayolifungua, usipoteze muda kulitafutia njia kama mimi.

Hapa pana mtego. Windows haiweki picha yako ndani ya folda, inaandika tu mahali picha ilipo, kwenye kifaili kilichofichwa kinaitwa desktop.ini. Mimi ikoni zangu za kwanza nilizisomea kutoka kwenye flashi. Nikachomoa flashi nikaenda zangu nyumbani Pasua, kesho yake nawasha mashine, ikoni zimeondoka na flashi! Tengeneza folda moja kwenye C, mimi yangu inaitwa Ikoni, weka zote humo na usiihamishe wala usiibadilishe jina.

Halafu kitu kingine kilinisumbua, nilichukua picha ya kawaida ya PNG nikafuta mwisho wa jina lake nikaandika .ico nikidhani nimemaliza. Ikakataa. ICO ni aina yake ya faili, na utamu wake ni kwamba faili moja linabeba picha ya saizi kadhaa, pikseli (vidoti vinavyounda picha) 16, 32, 48 mpaka 256, Windows inachagua yenyewe kutegemea unaangalia kwa ukubwa gani. GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha, ni ya bure na inatoa ICO vizuri tu, kila leya (tabaka la picha) inakuwa saizi yake. Na usiseme nitaweka ya 256 peke yake inatosha, ile Kibo yangu nzuri nilipoifanya ikoni, kwenye orodha ndogo ya 16 ilibaki kama tone la chai limemwagikia karatasi.

Nilichokuja kufanya ni kuchukua daftari la hesabu la viboksi na kalamu ya risasi. Nilisoma kwamba Susan Kare, yule mama aliyechora ikoni za Macintosh ya 1984 kule Apple, alianza hivyohivyo kwenye karatasi ya viboksi, 32 kwa 32. Nikasema kama yeye aliweza na nyeusi na nyeupe tu, mimi mwenye rangi zote nalia nini. Nikagundua ukibanwa na viboksi unaacha urembo kwa lazima. Barua ikawa bahasha nyekundu, CV ikawa kichwa cha mtu kijani, pasipoti ni mraba wa bluu, madeni ya wateja nikaweka mkono mweusi mtupu (wanaodaiwa mnajijua). Folda nyingine thelathini na kitu nimeziacha njano makusudi, kwa sababu ukizipaka zote rangi unarudi palepale kwa mama wa Kiborloni.

Na wolipepa ya Kibo nimeitoa, inaniuma lakini theluji nyeupe na maandishi meupe ya ikoni havisomeki pamoja. Sasa hivi ni rangi moja ya kijivu kilichoiva. Kama Windows yako inakuandikia kule pembeni kwamba haijawa activated (leseni yake haijathibitishwa), sehemu ya "Personalization" itakugomea, ila hii ya ikoni za folda inakubali, usihangaike.

Kuna jambo ambalo wenye steshenari wenzangu mnalijua, virusi vya flashi. Mteja anachomeka flashi, unaona folda ya njano, kumbe si folda, ni programu iliyovaa ikoni ya folda, ukiidabo kliki umeshaingia. Kwenye dirisha la folda nenda "View", weka tiki kwenye "File name extensions". Folda ya kweli haina mkia wa .exe. Tangu nianze kuchora ikoni mwenyewe ndo nimeelewa ilivyo rahisi kuivisha programu sura ya kitu kingine, na siiamini tena flashi ya mtu kwa macho tu, hata ya mchungaji.

Mdogo wangu anayesoma chuo Arusha yeye anatumia Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, huko anatupia folda ya ikoni kwenye folda iitwayo .icons ndani ya home yake (folda yake binafsi), anachagua kwenye "Themes", ikimkera anaifuta na mfumo haujaguswa. Ananicheka sana na elfu 15 yangu. Sawa, ila printa yangu nimeizoea na Windows, siku nyingine.

Juzi binti anayenisaidia dukani naye kashikwa na ugonjwa huu. Kaenda "Themes", kafungua "Desktop icon settings", kabadilisha Recycle Bin kaweka pipa la taka la kijani, safi kabisa, ila kule kuna ikoni mbili, ya pipa tupu na ya pipa lililojaa, yeye zote mbili kaweka ilelile. Sasa sijui kama kuna taka au hakuna mpaka nifungue. Nimemwambia arekebishe. "Kesho, kaka," na leo ni siku ya nne.